Bati si mshahara

Ikitajwa akili unde, wengi wetu hufikiria roboti za Marekani. Kumbe mkulima wa hapa Tulia, Kitui, tayari hupimwa na kompyuta. Tangu Oktoba 2024, asiye na ajira ya mshahara anapojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) huulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini na choo chake ni cha aina gani. Kompyuta hukadiria mapato yake kwa majibu hayo na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Lakini bati huenda lilinunuliwa na mwana aliye Nairobi. Mbuzi waliokuwepo Machi, ukame ukizidi, kufikia Septemba wamekwisha kuuzwa. Mimi nikimwandikia mgonjwa dawa, sharti nimweleze sababu, na akidhurika nitajibu. Kompyuta je?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, humruhusu mwananchi kuomba uamuzi uliofanywa na mashine pekee utazamwe upya. Basi katika afisi ya chifu awepo mtu wa kupokea malalamiko hayo, ajuaye Kikamba, mwenye uwezo wa kupunguza mchango. Na afike nyumbani, ajionee mbuzi waliosalia.