SURA YA NANI IKO JUU YAKO?



Umewahi kutumiwa ule ujumbe unaoonya kwamba kwenye noti au sarafu kuna alama ya siri ya shetani? Ukausambaza kwa kundi la maombi, kisha ukaanza kuogopa hata chenji yako? Leo acha nikutoe hofu hiyo, halafu nikuonyeshe la kuogopa kweli.

Warumi hawakuficha miungu yao kwenye pesa. Waliianika. Dinari zao za kwanza za fedha, miaka 200 hivi kabla ya Kristo, zilichorwa Castor na Pollux wakienda mbio juu ya farasi. Hao ni mapacha wa hadithi, waliosemekana kuwa wana wa mungu Jupiter. Sasa fungua Matendo 28:11. Meli iliyombeba Paulo kutoka Malta ilikuwa na alama ya mapacha hao hao. Paulo alipanda, akafika Rumi, akahubiri Injili!

Mwaka wa 47 au 46 K.K., Julius Kaisari alitoa dinari yenye kichwa cha Venus, mungu wa kike. Upande wa pili ni shujaa Aeneas akikimbia mji wa Troy, amembeba babake begani. Kwa nini picha hiyo? Aeneas alisemekana kuwa mwana wa Venus, na ukoo wa Kaisari ulijidai kuwa uzao wake. Kila aliyeishika dinari hiyo alishika tangazo: mkubwa huyu ana damu ya miungu.

Siku za Yesu, dinari za Tiberio zilimtaja kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Soma Marko 12:13-17. Yesu aliletewa dinari. Hakuikemea, hakuitupa. Aliuliza sura ni ya nani, akaagiza Kaisari apewe vyake, na Mungu apewe vyake.

Msimamo wangu ni huu: mchoro kwenye sarafu hauna nguvu juu ya mtoto wa Mungu. Hatari ni moyo unaoamini tangazo. Tunakemea alama kwenye noti Jumamosi usiku, na Jumapili mheshimiwa akiingia na bahasha, ibada inasimama. Mchungaji naye tunamsifu kwa majina yasiyomfaa mwanadamu. Hapo tumempa Kaisari kilicho cha Mungu. Nami nikianza kuitaka sifa hiyo, ninyimeni!

Mpendwa, Mwanzo 1:27 inakuambia wewe umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kama sarafu hurudi kwa mwenye sura yake, wewe utarudi kwa nani? Usijiuze kwa bahasha. Usijiweke mfukoni mwa mtu.

Omba nami: Baba, sura yako iko juu yangu. Niondolee hofu ya alama, unifundishe kukucha wewe peke yako. Katika jina la Yesu, Amina.