Injini ishushwe nyumbani, tena mchana kweupe

Likizo nilikuwa nyumbani Ziwani, nimerudi chuo na la moyoni. Nimewaonyesha watu bwenini picha ya Fuso ya mjomba, kabini imeinamishwa mbele, injini inaning'inia kwenye cheni, wakacheka mpaka basi. Eti mafundi wa chini ya mwembe ndio wanaoua magari. Mmoja akasema lori halifumuliwi uani kama kuku anayenyonyolewa. Duh! Mimi nasema linafumuliwa, na ni bora lifumuliwe hapo hapo.

Ile Fuso ilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Ukifungua kifuniko cha oili inapumua kama mtu aliyepanda mlima. Ringi zimekwisha, kompresheni inavuja. Na injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli, inategemea hewa ikandamizwe hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Kompresheni ikiisha na biashara imeisha. Biashara ya mjomba ni korosho. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara mwaka 2007, mzigo unatoka chama cha msingi kwenda ghala kuu, kwa hiyo ikifika Oktoba mwenye lori linalotembea anakula, mwenye bovu anasubiri mwakani. Humo ndimo inamotoka ada yangu, msidhani naongelea vyuma tu.

Gereji moja ya mjini ilitaka gari liachwe pale wiki tatu, bei ya jumla, bila mchanganuo. Mjomba akauliza, nitajuaje mmebadilisha nini? Akajibiwa, utaona gari likiwaka.

Sasa nyumbani unaona. Fundi alitoa rejeta, mabomba na nyaya, akatenganisha gia boksi, akafungua mauntingi, akasimamisha miguu mitatu ya mabomba ya chuma juu ya pua ya gari. Kitu chenyewe ni kama nusu tani, na mkorosho wetu aliukataa kabisa, matawi yake yanachanika bila taarifa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza hata mkono chini. Injini ikabaki hewani, tukalisukuma lori nyuma taratibu, ndipo ikatua kwenye matairi mabovu. (Kiswahili nacho! Tunasema kushusha injini wakati kazi yote ni kuipandisha.)

Vyuma vikapangwa kwenye turubai, kila pistoni na namba yake, kila kikombe cha beringi na mahali pake, maana hivyo havibadilishani. Kisha akachukua mkono wa mjomba, akampitishia ukucha ndani ya slivu, kule juu ringi inakoishia. Ukakwama. "Umeona, mzee? Huo ukingo ni chuma kilichobaki, huku chini kote kumelika." Mjomba hajawahi kuelewa gari lake vile, na analo miaka tisa. Sisi tunakaa muhula mzima kufundishwa umuhimu wa zana halisi darasani, tena kwa maneno matupu.

Waliocheka wana pointi moja, nayo ni kubwa: mchanga. Ziwani ni mchanga na upepo wa bahari, na chembe ikiingia kwenye beringi mpya umefanya kazi bure. Ndiyo maana kufumua kulifanyika uani, lakini kufunga kulifanyika ndani ya stoo ya korosho, sakafu imemwagiwa maji, milango imefungwa, na tukasimama pale tukichemka kwa joto. Kranki ilipelekwa mjini kupimwa na kukerezwa. Pampu na nozeli zilikwenda kwa mwenye mashine ya kuzipima, hazifunguliwi kwa kubahatisha. Na tulikodi toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Fundi anayekaza silinda hedi ya dizeli kwa kusikilizia mkono, huyo mcheke, nami nitakusaidia.

Kinachoniudhi ni kingine. Fundi huyu hana cheti hata kimoja. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani aliyejifunzia kazini anapimwa, anajaziwa mapungufu, anapewa cheti. Nilimweleza, akasema siku za mtihani nani atalisha watoto? Sina jibu. Wakati huo huo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na walimu wanaotarajiwa ni sisi, ambao wengine hatujui spana namba 17 inafananaje. Shule ikimwita yule bwana siku mbili kwa muhula, na turubai lake, na posho (siyo soda!), wanafunzi watapata ambacho mimi sitaweza kuwapa kwa chaki.

Kwa sasa injini imerudi kwenye chesisi, tunasubiri nozeli. Mjomba anapiga simu kila jioni, jana aliniuliza oili ya kwanza baada ya ovahoo imwagwe baada ya kilomita ngapi. Nikamwambia amuulize fundi. Na nyie mliocheka bwenini, Fuso ikiwaka kabla ya Oktoba, chapati na chai ni juu yenu.