Chungu cha wazee si kasiterite

Ndugu wachimbaji, leo tuache kidogo mambo ya bei. Nataka kusema juu ya vile vitu vingine vinavyotokaka mu shimo: kipande cha chungu, shoka la jiwe, mkuki wenye kutu. Hapa Itebero wengi wetu tumeisha kuviona.

Tunavifanyaka nini? Tunavisafisha kama madini. Karai, maji mingi, burashi ya chuma, wengine mpaka maji ya batri. Kwa kasiterite, sawa, ile ni ngumu. Lakini chungu cha wazee kilichomwa na moto wa kuni tu. Ukikiloweka, kinaweza kurudia udongo. Niliona kijana mmoja kando ya mto akisugua chungu chenye mapambo shingoni. Kilipokauka, mapambo hakuna. Na yeye alikuwa na furaha, eti sasa ni safi!

Vyombo vizuri viko nyumbani. Chonga kijiti cha mwanzi, ncha isiwe kali. Tafuta unyoya wa kuku, burashi ya meno iliyozeeka ikalainika, pompi ya kinga ya kupuliza vumbi. Toa udongo wa inje pole pole, halafu acha kitu kikauke mu kivuli, si mu jua. Chuma usikitie maji hata kidogo: mara mingi chini ya kutu hakuna tena chuma, ni ile kutu yenyewe inashika umbo. Na masizi ya ndani ya chungu, usiyaguse. Kupitia masizi na makaa, wataalamu wanaweza kujua wazee walipika pale miaka ngapi iliyopita.

Utasema hiyo ni kazi ya wazungu. Basi fikiri mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin aliutoa mu udongo mwaka 1950, pale mto Semliki unapotoka mu ziwa Edouard, mu Kivu yetu ya Kaskazini. Ni mfupa wa santimeta 10 hivi, wa miaka karibu 20.000. Sifa yake yote ni alama zilizokatwa juu yake, mistari mitatu. Burashi ya chuma ingezimaliza mara moja. Leo uko Bruxelles, na hiyo inaniuma, lakini ni habari ingine.

Najua woga wenu: ukitangaza, shimo litafungwa. Si woga wa bure. Sheria ya 1971 inalinda vitu hivi, Code minier pia inalazimisha wenye vibali kutoa habari. Basi wakubwa watuambie mu Kiswahili, mbele ya watu wote: shimo litasimama siku ngapi, na nani atalipa zile siku? Wakati tunangoja jibu, piga picha na telefone, andika ni metre ngapi chini, funga kitu mu kitambaa pamoja na udongo wake. Na mfanyabiashara akikuambia usugue kwanza kingae ndipo atoe franga, mkatalie.

Chungu cha yule kijana kiko kwa mama yake. Anatiamo chumvi.