Kipimo cha saratani ya kurithi: Apimwe nani kwanza?

Mfugaji wa kuku wa Tangini, Kibaha, anajua jambo ambalo wapangaji wa bajeti za afya wakati mwingine hulisahau. Banda likianza kuangusha kuku, hapimi kuku wa mtaa mzima. Humchukua yule mgonjwa akampeleka kwa daktari wa mifugo, kisha hurudi kuwaangalia waliolala naye banda moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayofaa kwa kipimo cha vinasaba cha saratani ya kurithi. Wengi wakisikia vinasaba hufikiria ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na ugomvi wa nani baba wa mtoto. Hiki ni kingine. Hutafuta kasoro katika jeni kama BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995. Mwanamke aliyerithi kasoro hiyo ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 wa kupata saratani ya matiti maishani mwake, na hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda sana.

Kwa miaka mingi kampuni ya Myriad ya Marekani ilishikilia hataza za jeni hizo na kipimo kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Juni 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa jeni ya asili haiwezi kumilikiwa. Washindani wakaingia sokoni, bei ikaporomoka hadi mamia ya dola. Wafanyabiashara hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, bei kushuka si sababu ya kumpima kila mtu. Makadirio ya Ulaya na Marekani ni kwamba mtu mmoja kati ya 300 hadi 500 ana kasoro hiyo. Chukua 400, na kipimo kiwe, kwa mfano, Sh 600,000. Kumpata mmoja kutagharimu Sh milioni 240. Lakini dada, kaka au mtoto wa mtu aliyethibitika ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapo wastani ni kupima wawili, yaani Sh milioni 1.2.

Na pa kuanzia ni kwa mgonjwa mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wanawake zaidi ya 1,100 wa Nigeria wenye saratani ya matiti ulikuta karibu mmoja kati ya saba amerithi kasoro ya aina hii.

Zile milioni nyingine zina kazi ya haraka zaidi. Mwaka 2020 ilikadiriwa Watanzania zaidi ya 10,000 walipata saratani ya shingo ya kizazi na zaidi ya 6,500 wakafa. Hiyo hairithiwi, huletwa na virusi vya HPV. Muuguzi hupaka siki, doa jeupe likionekana mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Wasichana nao wamekuwa wakichanjwa nchi nzima tangu 2018. Kuruka huduma hizi na kukimbilia vinasaba vya umma wote ni kununua trekta kabla ya jembe.

Kipimo pia hakina faida kama hakuna kinachofuata. Kwa mwenye kasoro aliyemaliza kuzaa, kuondoa ovari ni upasuaji unaojulikana na hupunguza sana hatari. Familia ikichelewa, ndipo huuzwa kuku, kisha mikorosho ya Kisarawe, kisha kiwanja, mgonjwa akifika Ocean Road ugonjwa umeshasambaa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kifurushi chake kinastahili kulipia kipimo cha mgonjwa mwenye historia ya ukoo, na cha ndugu zake akithibitika. Kuuliza historia hiyo pale Tumbi kunagharimu kalamu na dakika tano, mradi waulizwe na upande wa baba. Wanaume nao hubeba kasoro hii na kuirithisha, hivyo ugonjwa wa shangazi na wa bibi mzaa baba uandikwe kwenye faili.