Mwizi wa Pamba Huja Mara Mbili

Wazee wetu wa Maniema, waliolazimishwa kulima pamba nyakati za Wabelgiji, waliyaogopa macho ya mnunuzi kuliko mizani yake. Pamba nyeupe ilikuwa na bei yake, na pamba chafu bei nyingine, ingawa jasho ni lile lile.

Leo natazama mdudu mmoja aletaye uchafu huo: kidukari, ambaye wengine humwita chawa wa mimea. Ni mwororo, urefu wake haupiti milimita 2. Hukaa chini ya jani, huchoma kwa mdomo mfano wa sindano, na kunyonya utomvu. Majike huzaa pasipo dume, tena huzaa watoto walio hai; wakati wa joto, mtoto huwa mzazi naye baada ya juma moja hivi.

Mara ya kwanza huja miche ikiwa michanga. Majani hujikunja, shina hudumaa, matumba hukawia. Walakini mche wenye nguvu, ukipata mvua, mara nyingi hupona. Usiopona ni ule ulioshikwa mapema na ugonjwa wa buluu, uliotambuliwa mwaka 1949 katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kidukari ndiye auchukuaye toka mche hata mche. Majani huwa mazito, ya kijani iliyokolea, na mche hubaki mfupi. Huo ung'olewe.

Mara ya pili huja matumba yakiwa yamepasuka. Maji matamu yatokayo mwilini mwake huangukia nyuzi, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Nyuzi zanata, mashine ya kusokota yakwama, bei yashuka. Huyu wa pili ndiye nimwogopaye mimi, kwa kuwa huja baada ya palizi zote, wakati mama wa nyumba amekwisha kuhesabu karo ya watoto.

Nimewaona wanafunzi wakiponda wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi, wakubwa kama nusu ya njegere. Jamani, hao hula vidukari! (Yule mwekundu mrefu, mwenye miguu mirefu, atiaye pamba madoa, huyo mwueni.) Dawa ikipuliziwa ovyo huua walinzi hao, na vidukari hurudi pasipo mpinzani. Basi geuza majani kwanza. Ukiona sisimizi wengi wakipanda shina, wafuate: wanakwenda kunywa maji yale matamu. Na matumba yakipasuka, chuma kila juma, hata kama kapu halijai.