Mwalimu Mtaalamu Ni Mwenye Kuamua

Tarehe 5 Oktoba 1966, katika mkutano uliofanyika Paris, wajumbe wa mataifa walipitisha Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na tangu mwaka 1994 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Walimu Duniani. Wengi wanaoiadhimisha huyakumbuka Mapendekezo hayo kwa ajili ya mishahara na mazingira ya kazi, mambo ambayo ni haki kuyadai, lakini ndani yake mna neno jingine lisilosikika sana majukwaani: kwamba ualimu uhesabiwe kuwa taaluma, na kwamba mwalimu awe na nafasi kubwa katika kuchagua na kurekebisha vifaa vya kufundishia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ujuzi wa kupima ni kipi kinachowafaa wanafunzi wake. Taaluma, kwa maana hiyo, ni kazi ambayo mtu huisomea kwa muda mrefu ili hatimaye aaminiwe kutoa uamuzi mahali ambapo kanuni zilizoandikwa hazifiki. Na kanuni huishiwa upesi sana katika darasa ambalo watoto wake wamelelewa kwa lugha, desturi na imani mbalimbali.

Afrika Mashariki imefanya bidii kuujengea ualimu uzio wa kisheria. Kenya ina Tume ya Huduma za Walimu inayowasajili walimu wake, na Tanzania ilitunga mwaka 2018 sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ambayo kazi yake ni kusajili walimu na kuwapa leseni. Hatua hizo ni njema, kwani si busara kwa nchi kumdai leseni dereva wa basi la shule na kutomdai chochote yule anayewapokea watoto wakishashuka. Hata hivyo daftari la usajili hueleza tu kwamba fulani alihitimu na hajatenda kosa. Haliwezi kueleza kama anajua la kufanya asubuhi ile ambapo nusu ya darasa haikuelewa swali, si kwa uzito wa akili, bali kwa kuwa swali lilijengwa juu ya maisha ambayo watoto hao hawajapata kuyaona.

Na asubuhi za namna hiyo ni nyingi. Tanzania ina lugha zaidi ya 120 na Kenya ina zaidi ya 40. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania tangu mwaka 1967, uamuzi uliowaunganisha watu kuliko amri nyingine yoyote ya elimu, lakini mtoto wa Kibarabaigi wa Hanang au wa Kihadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi bado huweza kuingia darasa la kwanza akiwa na maneno machache sana ya lugha hiyo, na mbele yake husimama mwalimu ambaye chuoni alifundishwa namna ya kufundisha Kiswahili kwa mtoto anayekijua tayari. Kenya ilikwenda njia nyingine: ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilisisitiza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, yaani lugha inayozungumzwa na wenyeji wengi wanaoizunguka shule. Agizo hilo limerudiwa mara kwa mara tangu hapo, na mara kwa mara limepuuzwa, kwa sababu wazazi huitazama mitihani ya Kiingereza iliyo mbele na ni walimu wachache walioonyeshwa chuoni jinsi ya kufundisha hesabu kwa Kikamba au Kiluo. Zaidi ya hayo zipo kambi za wakimbizi, kama Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako dawati moja hukaliwa na watoto wa nchi tatu.

Lawama ya kwanza basi haimwangukii mwalimu wa darasani, inaviangukia vyuo. Elimu ya ualimu yenye kuzingatia tamaduni anuwai, yaani mafunzo yanayomwandaa mwalimu kuwafundisha watoto wasiofanana kwa malezi, katika vyuo vingi imefungiwa ndani ya mada moja ya saikolojia au ya falsafa ya elimu, ikasomwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa. Yanayobaki kichwani mwa mwanachuo ni yale aliyoyapatia alama, na alama hutolewa kwa andalio la somo. Mwalimu tarajali hupelekwa shuleni kwa majuma kadhaa ya mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi humtembelea mara chache, hukaa nyuma ya darasa akiwa na fomu, na hutafuta kama lengo mahususi limeandikwa kwa kitenzi kinachopimika, kama utangulizi haukuzidi dakika zake, kama zana zilitumika na kama ubao ulifutwa. Mwanachuo mwerevu hujua siku ya ukaguzi, hulifundisha somo lile jana yake, na wanafunzi humjibu mbele ya mkufunzi kwa sauti moja iliyozoezwa. Kila mmoja hutoka ameridhika. Aliyejifunza jambo kwa hakika ni mwalimu tarajali peke yake, naye amejifunza kwamba darasa zuri ni darasa lisilomshtua mtu.

Andalio la somo si adui, na mwalimu asiyejiandaa hana haki ya kujiita mtaalamu. Kosa lipo katika kumfundisha mtu kuandaa somo kabla hajafundishwa kuwatazama watoto atakaowafundisha: wanazungumza lugha gani nyumbani, wanapimaje, wanahesabuje, mtoto anaruhusiwa kumwuliza mtu mzima swali au huhesabiwa utovu wa adabu, msimu upi wavulana huenda na mifugo. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mwalimu kwa heshima ataandikiwa kuwa hana ujasiri na yule ambaye hakuwahi kuelezwa kwamba heshima ina sura nyingi. Daktari anayetoa dawa ileile kwa wagonjwa wote asingeachwa aendelee na kazi.

Msumbiji ilitoa mfano ambao vyuo vya eneo hili vingefaa kuuchunguza kwa makini. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi huko tangu miaka ya kwanza ya uhuru hadi alipofariki mwaka 2014, alikuwa akiwafunza walimu wa hisabati ambao wengi wao waliamini kwamba somo hilo lilikuja na meli za Wareno. Yeye aliwarudisha vijijini, kwa wajenzi wa nyumba. Fundi wa kijiji anapotaka msingi wa nyumba ya pembe nne zilizonyooka huchukua kamba mbili za urefu uleule, akazifunga pamoja katikati. Hulaza chini ufito wenye upana wa nyumba anayoitaka, akapigilia vigingi kwenye ncha zake mbili na kufunga ncha moja ya kila kamba katika kigingi. Kisha huzivuta kamba hizo mpaka zikaze, na pale zinapoishia hupigilia vigingi viwili vilivyobaki. Msingi umepatikana bila kutumia kipimapembe. Gerdes aliwauliza walimu wake swali fupi: kwa nini njia hii haikosei? Katika kulijibu walilazimika kufika wenyewe kwenye kanuni kwamba umbo la pande nne ambalo mistari yake miwili ya kukatisha kona kwa kona ni sawa kwa urefu, nayo hukatana katikati, lazima liwe mstatili, na kanuni hiyo waliithibitisha kwa hatua za kijiometri kama mwanahisabati yeyote.

Mfano huo una mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, hapakuwa na kifaa cha gharama, wala kompyuta, ambazo siku hizi watu hudhani ndizo ubunifu wenyewe. Ubunifu ulikuwa katika kubadilisha mahali pa kuanzia, kutoka kitabu kwenda kwenye kazi ya mikono inayojulikana, huku kiwango cha hisabati kikibaki palepale. Pili, utamaduni haukuletwa darasani kama pambo. Shule nyingi huwa na siku ya utamaduni, watoto wakavaa shuka na kaniki, wakacheza ngoma, wazazi wakapiga vigelegele, na kesho yake hesabu ikaendelea kufundishwa kana kwamba babu zao hawakuwahi kupima chochote. Sherehe hizo hazina ubaya, ila zisihesabiwe kuwa ualimu.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Kenya waliona kwamba watoto wa jamii zao walikuwa wakiingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanzishwa Mombasa mwaka 1986 mpango wa shule za awali za madrasa, ulioenea baadaye hadi Zanzibar na Uganda. Bi Swafiya Said, mwalimu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wake, alizunguka mitaani kuwashawishi wazee kwamba Qurani na michezo ya kujifunza herufi na hesabu vyaweza kukaa chini ya paa moja. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, mbegu na vizibo, na mafunzo yao hayakuishia ukumbini: mkufunzi aliwafuata ndani ya madarasa yao na kurudi tena na tena, akitazama, akionyesha, akijadiliana nao. Tafiti zilizolinganisha shule hizo na nyingine za awali katika nchi hizo tatu ziliwakuta watoto wake wamepiga hatua zaidi. Kufuatwa huko darasani ndiko kunakokosekana zaidi vyuoni, nako ndiko kunakogharimu zaidi, wala haifai kuwaficha watunga bajeti jambo hilo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kumpangia kila mwalimu kazi katika kabila lake. Tanzania ilipoazimia mjini Musoma mwaka 1974 kuandikisha watoto wote shuleni, iliwafunza ualimu maelfu ya vijana waliomaliza shule ya msingi, wakafundisha na kusoma kwa wakati mmoja huko huko vijijini. Wengi wao waliijua jamii vizuri, lakini hesabu na sayansi waliyopewa ilikuwa haba, na ujirani haukuweza kuziba pengo hilo. Upande wa pili, mwaka 2020 Kenya ililazimika kuwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera baada ya mashambulizi ya al-Shabaab, na shule zikabaki na uhaba mkubwa, jambo lililodhihirisha jinsi kaunti hizo zilivyowategemea wageni. Tena ni kabila gani la kulipangia mwalimu katika mitaa ya mchanganyiko kama Temeke, Kisauni au Eastleigh? Uwezo wa kumfundisha mtoto usiyeshirikiana naye malezi hauna badala, na uwezo huo hufunzwa.

Hoja ya madarasa yenye watoto themanini na mia ni nzito zaidi, na anayeipuuza hajasimama mbele ya darasa kama hilo. Mwalimu hawezi kuchunguza nyumba mia moja. Anaweza, hata hivyo, kuwapanga watoto ili anayekijua Kiswahili amfafanulie mwenzake kwa lugha ya nyumbani badala ya kuchapwa kwa kuitumia; anaweza kuuliza swali moja kwa mifano miwili; na akiwa na wenzake katika vikao vya MEWAKA, ule mpango wa Tanzania wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, anaweza kuleta kosa moja la wanafunzi wake lijadiliwe, badala ya kikao hicho kugeuka mahali pa kusomeana nyaraka.

Wakufunzi na waanze na kile kilicho mikononi mwao. Mnamo mwaka 2013 Chuo Kikuu cha York cha Kanada, vile vya Kenyatta na Moi vya Kenya, na wenzao walianza kuwafunza walimu wakimbizi wa kambi za Dadaab huko huko waliko, wakiwa tayari wanafundisha, na hapo swali la nani anayekaa darasani halikuweza kuahirishwa mpaka baada ya kuhitimu. Chuo cha ualimu cha Mpwapwa, Korogwe au Shanzu hakihitaji kambi ya wakimbizi ili kifanye vivyo hivyo. Majuma mawili ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha yatumike kutazama na kuuliza, na ripoti ya mambo yaliyoonekana ipewe alama sawa na andalio la somo. Fomu ya ukaguzi iongezwe sehemu ya kuandika mahali ambapo mwalimu tarajali aliliacha andalio lake kwa sababu ya jibu la mtoto, na aliyefanya hivyo aulizwe sababu yake kabla ya kukatwa alama.