Biti si Baiti: Tusikoroge Vipimo vya Kasi ya Data

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa vipimo vya kasi ya data ni mambo ya wahandisi, wala havimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Siafikiani nao hata kidogo.

Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huonyeshwa kwa megabaiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hivyo, kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 tu kwa sekunde. Faili ya megabaiti 600 itachukua sekunde 600, yaani dakika 10, hata mtandao usipoyumba. Anayekoroga vipimo hivi atatarajia dakika moja na robo, kisha alalamike kuwa amepunjwa.

Kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Mfasiri au mwanahabari anayeandika "mega 8" pekee humwacha msomaji gizani. Vifupisho navyo hutofautishwa na herufi moja tu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.

Wazee wetu walijua fika kuwa vibaba 4 ni pishi 1, wala mnunuzi hakukubali kuuziwa kibaba kwa bei ya pishi. Kiswahili, basi, si kigeni katika upimaji. Napendekeza tuandike "megabiti" na "megabaiti" kwa ukamilifu, na tusisahau "kwa sekunde" kila tunapotaja kasi. Wakereketwa wa lugha tusipolifanya hili, nani atatufanyia?